Pawa stelingi imelegea: kukaza skrubu ya boksi, kubadili oili au kutafuta boksi nyingine?

Dereva_Mkongwe

Wakuu, habari zenu. Nina pikapu ya miaka ya 1990, stelingi yake ni ya boksi yenye gololi ndani, siyo raki (ile ya fimbo yenye meno). Usukani una plei. Kwenye barabara iliyonyooka nausogeza kama upana wa vidole vitatu kabla magurudumu hayajaitika, na upepo wa lori likinipita inabidi nihangaike kuirudisha njiani. Pia pampu inalia kidogo nikikata kona kali asubuhi, injini ikiwa baridi.

Nataka kuifanya mwenyewe nyumbani. Nimeambiwa njia tatu: kukaza ile skrubu iliyo juu ya boksi, kubadili oili na kutoa hewa, au kuachana na boksi hii na kufunga nyingine iliyotumika. Nani amezijaribu, na ipi ina faida zaidi?

SpanaKumiNaNne

Mkuu, anza na skrubu. Kazi ni ndogo: legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu kidogo kwa bisibisi, funga nati, nenda kajaribu. Boksi za aina hiyo zimetengenezewa nafasi ya kurekebishwa, kampuni haikuweka skrubu pale kwa urembo. Boksi iliyotumika hujui ilikotoka wala imechoka kiasi gani, unaweza kununua ugonjwa uleule.

MamaGereji

Kaka Spana, kuhusu boksi iliyotumika nakuunga mkono. Ila kumwambia mtu aanze na skrubu kabla hajajua plei iko wapi, hapo sikubaliani nawe kabisa.

Ndugu Dereva, kati ya mkono wako na tairi kuna viungo vingi. Kuna kiungo cha shafti ya usukani, boksi yenyewe, mkono wa pitimani unaotoka kwenye boksi, dragilinki (fimbo inayosukumwa na mkono huo), aidla (mkono wa upande wa pili unaoishikilia fimbo hiyo), tairodi endi (vichwa vya fimbo zinazosukuma magurudumu), boli jointi na bearingi za magurudumu. Kila kimoja kikila milimita moja au mbili, kwenye usukani zinajumlishwa kuwa vidole vitatu. Sasa ukikaza boksi ili kuficha plei ya aidla, utakuwa na boksi iliyobanwa na aidla ileile mbovu.

Fanya hivi kwanza. Gari likae chini kwa matairi yake, usilipandishe jeki, maana uzito ndio unaofanya viungo vionyeshe ukweli. Washa injini, mtu mwingine akae ndani achezeshe usukani kushoto na kulia, mwendo mfupi tu, bila kusimama. Wewe chungulia chini ukiwa pembeni, mbali na mkanda na feni, na shika kila kiungo kwa mkono kimoja baada ya kingine. Kiungo kibovu utakisikia kikigonga kwenye vidole kabla hujakiona. Mwisho angalia boksi: shafti inayoingia ikizunguka na mkono wa pitimani unaotoka umetulia tuli, hapo ndipo plei ni ya boksi. Angalia pia bolti zinazoshika boksi kwenye chesisi. Zikilegea, boksi zima linatembea, na chesisi za pikapu za zamani hupasuka papo hapo.

Uifanye na injini ikiwaka. Ikiwa imezimwa, ndani ya vali ya boksi kuna fimbo nyembamba inayojipinda kidogo ili kufungua njia ya oili, na mpindo huo utauhisi mkononi ukadhani ni plei. Vitabu vingi vya kampuni huweka kikomo cha plei karibu milimita 30 kwenye duara la usukani, kwa hiyo vidole vyako vitatu vimevuka.

Mfua_Chuma

Naongezea kwa sababu skrubu hii imeua boksi nyingi nilizoletewa.

Ndani ya boksi kuna meno ya shafti yanayokutana na meno ya nati inayotembea juu ya gololi. Meno ya katikati yametengenezwa yakiwa yamebana zaidi ya yale ya pembeni, makusudi, ili gari lisiyumbe likienda mbele. Gari linatumia maisha yake mengi likienda mbele, kwa hiyo meno yanayolika ni ya katikati. Pembeni yanabaki karibu mapya.

Sasa ukikaza skrubu hadi katikati pasiwe na plei hata kidogo kwenye boksi iliyolika, ukikata kona meno ya pembeni yanakabana. Usukani unakuwa mzito mahali fulani na ukitoka kwenye kona haurudi wenyewe. Hiyo ni hatari kuliko plei uliyokuwa nayo, kwa sababu dereva anautegemea usukani ujinyooshe baada ya kona na haujinyooshi. Na ukikaza wakati usukani umegeuzwa pembeni, kwenye boksi ambayo bado haijalika, utakuja kubana ukipita katikati. Hapo meno yanatafunana.

Kwa hiyo SpanaKumiNaNne, skrubu ni ya kurekebishwa, ndiyo. Lakini inarekebishwa magurudumu yakiwa yamenyooka, na kwa kiasi kidogo sana.

SpanaKumiNaNne

Hilo la katikati nimelipokea, wala sikulitaja. Tupe basi utaratibu wenyewe, maana atafanya tu hata tukimkataza.

Mfua_Chuma

Sawa.

Safisha kichwa cha boksi kwanza, uchafu usiingie. Weka alama ya rangi kwenye skrubu na kwenye kifuniko ili ujue ulianzia wapi. Pandisha magurudumu ya mbele juu ya stendi, siyo jeki peke yake, na ya nyuma yawekewe vizuizi. Injini izimwe. Tafuta katikati ya kweli: zungusha usukani hadi mwisho wa kushoto, kisha hesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia, rudi nusu yake. Usiamini mstari wa usukani kuwa uko sawa, huenda mtu aliutoa akaurudisha vibaya.

Shika skrubu isizunguke, legeza nati. Kaza skrubu moja ya nane ya mzunguko, basi. Funga nati huku umeshika skrubu, maana nati huivuta skrubu izunguke nayo na kazi yako inaharibika bila wewe kujua. Zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Ukihisi mahali panapokaba, rudisha nyuma. Pasipokaba, shusha gari, jaribu taratibu mahali pa wazi pasipo na watu, na uangalie kama usukani unarudi wenyewe baada ya kona. Ukirudi vizuri na plei bado ipo, unaweza kuongeza kiasi kilekile mara nyingine. Plei ndogo sana ikibaki, iache ibaki.

Njia sahihi zaidi ni kutenganisha mkono wa pitimani na dragilinki ili uhisi boksi peke yake. Ukiwa na kifaa cha kuutolea, fanya hivyo.

Fundi_wa_Mpira

Mimi naona mnasahau nusu ya swali. Amesema pampu inalia asubuhi. Skrubu haitagusa hilo.

Mlio wa pampu una sura mbili. Kelele kali ya kukwaruza unapowasha gari au unapofikisha usukani mwisho, hiyo mara nyingi ni mkanda umelegea au umekuwa mgumu na kung'aa. Bonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Kwa mingi ya zamani mbonyeo wa karibu milimita 10 unatosha. Mlio wa kuguna unaopanda na kushuka na mwendo wa injini, huo ni hewa ndani ya oili au oili imepungua. Fungua kopo la oili ya stelingi uangalie: oili yenye povu au iliyogeuka rangi ya maziwa ina hewa. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua imechoka.

Kubadili ni rahisi. Nyonya oili ya kopo kwa bomba la sindano, jaza mpya, magurudumu yakiwa juu na injini imezimwa zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho mara nyingi, ukiongeza oili kila inaposhuka. Ukifanya injini ikiwa imezimwa hewa inatoka bila kupigwa ikawa povu. Halafu ndipo uwashe, uzungushe tena, uangalie kopo. Usishikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde chache, presha inapanda hadi kikomo cha pampu na oili inachemka.

Usibahatishe oili. Pikapu nyingi za Japani za umri huo hutumia ATF, ile nyekundu ya giaboksi otomatiki. Honda wana oili yao wenyewe. Magari mengi ya Ujerumani hutumia ile ya kijani, na ukiichanganya na nyekundu unaharibu sili (mipira inayozuia oili isivuje). Soma kifuniko cha kopo au kitabu cha gari.

MamaGereji

Ila tuwe wakweli kwake: oili mpya itaondoa mlio na kulainisha usukani, plei haitaiondoa. Na zile dawa za kuziba uvujaji zinavimbisha sili kwa muda, mimi sizipendi kwenye gari ninalotaka lidumu.

Kijana_wa_Raki

Samahani kuingilia, mimi nina gari la saluni lenye stelingi ya raki. Nayo ina nati kubwa ya kurekebisha nyuma ya raki. Naweza kufuata hayo hayo?

Mfua_Chuma

Hapana, mdogo wangu. Ile nati inasukuma kiatu chenye springi kinachobana raki kwenye pinioni (gia ndogo inayozungushwa na usukani), na kila kampuni ina kipimo chake cha kukaza halafu kurudisha nyuma kwa digrii fulani. Bila kitabu chake usiiguse. Kwenye raki plei nyingi inatoka tairodi endi na bushi za raki, anza huko.

Dereva_Mkongwe

Wakuu nimefanya kile alichosema Mama. Kijana wangu amechezesha usukani, mimi nikiwa chini. Aidla inatembea juu na chini waziwazi, na tairodi endi ya kushoto inagonga. Boksi nayo ina plei lakini ndogo, shafti inasogea kidogo tu kabla ya pitimani kuitika. Oili ina povu na rangi ya kahawia. Mkanda uko sawa.

Kwa hiyo nafikiria aidla na tairodi endi kwanza, kisha oili, halafu ndipo nione kama skrubu inahitajika. Boksi nyingine nimeifuta kwenye akili. Niko sawa?

SpanaKumiNaNne

Uko sawa mkuu. Kwa vipimo hivyo hata mimi ningeiacha skrubu hadi mwisho.

Fundi_wa_Mpira

Povu limetoka mahali. Kabla ya kumwaga oili mpya kagua mpira mfupi unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu. Huo uko upande wa kunyonya, klipu ikilegea unaingiza hewa bila kudondosha tone la oili nje, na watu huhangaika na pampu nzima bure.

MamaGereji

Na ukitoa tairodi endi, hesabu mizunguko unapoifungua, mpya iingie kwa idadi ileile. Itakufikisha kwenye alaimenti (kupima na kunyoosha magurudumu) bila kula matairi njiani, lakini alaimenti ni lazima. Ifanywe baada ya viungo vyote kuwa vipya na kabla ya kugusa skrubu, usukani ukiwa umenyooka sawa na magurudumu. Katikati ya boksi utaipata kwa urahisi zaidi hapo.