Tupeane uzoefu: umewahi kumfikia mbunge wako mtandaoni? Nini kilitokea?

Wakuu, habari za majukumu. Naomba tusimuliane, yaliyofanikiwa na yaliyokwama, kwa sababu vijana wengi mtaani kwetu wanasema kumwandikia mbunge ni kumaliza bando bure. Sikubaliani nao.

Naanza mimi, niko Pasua, Moshi. Barabara yetu ilikuwa inakatika kila masika. Kwenye ukurasa wa mbunge watu walimwaga matusi, na hakuna aliyejibiwa. Tukakaa majirani wachache tukaandika ujumbe mmoja mfupi: jina la barabara, kata, picha ya kalavati lililobomoka, na swali: hii barabara ipo kwenye bajeti ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) ya mwaka huu au haipo? Nakala tukampa diwani. Katibu wa mbunge akajibu: haipo. Iliuma, lakini angalau tulijua tumesimama wapi. Tukalipeleka jibu lile kwa diwani, likajadiliwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na bajeti iliyofuata barabara ikaingia.

Jamani, mbunge hana greda. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017. Kazi yake ni kuuliza, kuisimamia Serikali na kupitisha bajeti. Ukimdai kifusi atakuahidi kifusi. Muulize swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana.

Wa Muriet, Arusha:
Sisi tulikuwa na grupu la WhatsApp la kata, mheshimiwa yumo. Shida ilikuwa admini. Ukiuliza habari ya maji unaambiwa unaleta siasa, kesho yake umeondolewa. Mimi niliondolewa. Tukafungua grupu letu, tukakubaliana halina rangi ya chama, na maswali yanakusanywa na mama mmoja mwenye duka la dawa, anayeheshimiwa na kila mtu. Yeye ndiye anayeyatuma kwa ofisi ya mbunge. Tangu hapo tunajibiwa. Si yote, ila tunajibiwa.

Mwalimu, Sakina:
Naongezea kitu ambacho wengi hawakitumii. TBC ilipoacha kurusha Bunge mubashara Januari 2016, wengi tuliacha kabisa kufuatilia. Lakini Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, ipo kwenye tovuti ya Bunge, na ni bure. Nilitafuta swali lililowahi kuulizwa kuhusu kituo chetu cha afya, nikakuta jibu la Serikali pamoja na tarehe. Nikapiga picha ukurasa ule, nikamtumia mbunge: "Mheshimiwa, Serikali ilisema hivi. Mbona bado?" Aliubeba kama swali la nyongeza. Kumsikia akisoma karibu maneno yangu mle ukumbini Dodoma, nilisimama nikaita watoto waje wasikilize. Ukimpa mbunge maneno ya Serikali yenyewe, umempa silaha.

Wa Kibosho:
Shikamooni wakubwa. Huku kwetu wazee wengi wana simu za kitochi. Kwa hiyo vijana tunaandika kwa niaba yao, kisha majibu tunayasoma kwenye mkutano wa kijiji. Babu mmoja alisisitiza barua iandikwe "Mheshimiwa Mbunge, shikamoo", hata kama mbunge ni kijana. Tuliiacha vilevile. Nasema hivi kwa sababu mkiishia kwenye simu janja, wanaobeba maji kichwani hawamo kwenye mazungumzo.

Wa Njiro:
Mimi nilizoea mtandao wa X (zamani Twitter). Mbunge alikuwa anajibu palepale, hadharani, kila mtu anaona. Mei 2025 X ilipofungwa, mazungumzo yetu yote yakakatika. Oktoba mwaka huohuo, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Ushauri wangu: msitegemee mtandao mmoja. Chukueni namba ya ofisi ya jimbo, mjue inakaa wapi, na barua ya karatasi mgongewe muhuri wa kupokelewa.

Wa Pasua tena:
Asanteni sana. Mwalimu, hilo la Hansard nalianza leo. Wa Hai, Rombo, Monduli na Longido bado hatujawasikia. Na kuna yeyote aliyewahi kumwandikia mbunge wa viti maalumu? Hao hawana jimbo, nao wanapiga kura bungeni kama wengine. Mlipitia wapi kuwapata, na walijibu?