Naombeni ushauri: mdogo wangu hajawa sawa tangu ile ajali ya basi

Wakuu habari. Mdogo wangu alikuwa konda wa basi la mkoani, mwaka jana gari likapinduka usiku, abiria wakafia mbele ya macho yake, yeye akavunjika mkono tu. Mkono umepona ila mwenyewe bado kabisa. Usiku anaamka anapiga kelele, lori likipiga honi anatetemeka, stendi hakanyagi na sasa hivi bila pombe kali halali. Mama anasema karogwa, tushaenda kwa mganga na kwenye maombi. Nikamtajia mtaalamu wa saikolojia kagoma, eti hawezi kwenda kusimulia maiti na yeye sio chizi. Nifanyeje jamani, namuona anaisha. Tupo Dar.

nesi_wa_zamu: Pole sana dada. Hizo ni dalili za PTSD, yaani mshtuko wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha, zikipita mwezi usingoje ziishe zenyewe. Akisikia honi mwili wake unajua gari ndo linapinduka sasa hivi, anatetemeka kabla hata hajafikiria, kwahiyo haigizi na sio uoga. Pombe inamlaza halafu inaharibu usingizi wenyewe. Ila kama anakunywa kila siku msimkatishe ghafla, ni hatari, daktari aambiwe kwanza. Na hilo la kusimulia, kuna tiba inaitwa EMDR, aliianzisha Francine Shapiro mwaka 1987, unakumbuka tukio huku macho yanafuata kidole cha mtaalamu, sio lazima ueleze kila kitu. WHO wanaipendekeza.

dereva_wa_zamani: Mwambie mimi nimepitia hayo hayo na sio chizi. Mwanzoni kwa mtaalamu nilifundishwa kupumua na kutuliza mwili tu, ajali hatukuigusa. Baadae tukaanza kusogea, leo unasimama mbali na stendi, siku nyingine unakaa kwenye gari limezimwa, mpaka moyo unazoea. Kuna wiki nilitoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia, asikate tamaa hapo.

binti_tanga: Mama usigombane nae, maombi yaendelee na kliniki iendelee.

Mleta uzi: Asanteni mno, nimelia. Nikienda mimi kwanza bila yeye watanisikiliza?

nesi_wa_zamu: Nenda tu, ueleze kama ulivyoeleza hapa. Anzia hospitali ya mkoa wakupe rufaa, Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Lakini akianza kuongelea kufa usisubiri rufaa, mpeleke mapokezi ya dharura saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane, na asiachwe peke yake.