Naomba ushauri: rangi gani itadumu kwenye vifaa vidogo vya bunduki ya peintiboli?

Wakuu, habari zenu. Nataka kupaka rangi vifaa vidogo vya bunduki yangu ya peintiboli (mchezo wa kurushiana vidonge vya rangi kwa bunduki ya hewa): kiungio cha hewa, elibo (kipande cha kona), kifyatulio na skrubu kadhaa. Rangi ya kupuliza ya kopo nimeiondoa kwenye hesabu, maana spana ikigusa tu pembe ya nati, inabanduka.

Shida ni kwamba vyuma vyenyewe ni mchanganyiko. Kifyatulio na elibo ni alumini, hivyo vinakubali anodaizi (kutumia umeme kuotesha tabaka gumu juu ya alumini, kisha kulitia rangi). Kiungio ni stenlesi na skrubu ni chuma cha kawaida. Hivyo anodaizi ya alumini haivihusu kabisa. Nasikia PVD (tabaka gumu linalowekwa kwa mvuke ndani ya ombwe) inashika vizuri kwenye stenlesi na ni nyembamba mno, ila rangi zake ni chache, na mimi nataka nyekundu (ndiyo, najua nyekundu ya anodaizi huweza kupauka juani).

Rangi ya unga (inapulizwa ikiwa kavu, kisha inaokwa) inavutia, lakini unene wake ni kama maikroni (elfu moja ni milimita moja) 60 hadi 80 na zaidi. Kwenye meno ya skrubu hapo hapapiti kitu, na mahali pa oringi (pete ya mpira ya kuzuia hewa) hewa itavuja. Kuziba meno kabla ya kupaka kunatosha kweli?

Aliyewahi kutumia rangi ya seramiki ya kuoka kwenye vyuma vyote hivi pamoja, je, nyekundu inafanana kote? Inavumilia spana na kufungwa-kufunguliwa mara kwa mara? Au skrubu niziache nyeusi tu?