Sindano za kujaza midomo saluni Dodoma: tuzuie au tuache?

Wadau, hili naomba tulijadili bila matusi. Tangu juzi tunavutana kuhusu mabinti wanaojazwa midomo kwenye vyumba vya nyuma vya saluni hapa mjini. Kuna wanaosema mwili ni wa mwenyewe, aachwe. Kuna wanaosema ni kumkosoa Muumba. Mimi nasema anayetaka midomo minene aipate, ila sindano itoke saluni iende kwa daktari.

Hoja ya Muumba hainishawishi. Mtoto akizaliwa na mdomo sungura, nani anamwambia mama yake aache kazi ya Mungu ilivyo? Anapelekwa kushonwa, na shirika la Smile Train hugharamia. Wala kubadili mwili kwa ajili ya urembo hakukuletwa na simu. Wamakonde walivaa ndonya, kipande cha mti kinachochomekwa kwenye mdomo wa juu. Bibi yangu wa Mvumi, Mgogo, ndewe za masikio yake zilikaribia mabega na alijivunia.

Kinachoniuma ni hiki. Mwaka jana mdogo wangu alichomwa filla, yaani hiyo dawa ya kujaza midomo, saluni. Alirudi jioni, mdomo wa juu upande wa kushoto umepauka kama umepakwa majivu. Aliyemchoma akasema kwenye simu, "Weka barafu, ni kawaida." Usiku hakulala kwa maumivu. Asubuhi pale palipopauka pana mabaka ya zambarau. Daktari alimbonyeza kwa kidole, akaachia, akasubiri damu irudi. Ilichelewa mno. Akatueleza kwamba kuna mshipa wa damu unaopita ndani ya mdomo, na kilichochomwa kimeuziba. Kisha akauliza: ni dawa gani?

Hatukujua. Na hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa, kwa sababu filla ya asidi ya hailuroniki huyeyushwa kwa sindano ya hailuronidesi, lakini silikoni haina cha kuiyeyusha. Chupa ilishatupwa. Walijaribu ya kuyeyusha, sehemu kubwa ikapona, kipande cha pembeni kikafa. Mpaka leo akinywa chai inamchuruzika pale pale, anaifuta kwa kiganja kabla watu hawajaona.

Mmoja wenu alishauri kalamu ya kusukuma filla kwa presha, eti haina sindano. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya dhidi ya kalamu hizo Oktoba 2021. Upasuaji nao upo: kunyanyua mdomo wa juu kwa kukata ngozi chini ya pua, au kupunguza midomo kwa kukata upande wa ndani. Huo haurudi nyuma, tofauti na filla ya hailuroniki inayoisha ndani ya miezi kadhaa, na wenye ngozi nyeusi tuna hatari zaidi ya kuota makovu manene.

Hoja ya gharama, aliyoleta dada mmoja kwamba daktari ni ghali kuliko saluni, ndiyo inayonisumbua kweli. Mabingwa wa upasuaji rekebishi ni wachache, na binti wa Nkuhungu hatapanda treni kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya midomo. Tukifunga saluni tu, atachomwa chumbani kwa mtu. Kwa hiyo napendekeza Hospitali ya Benjamin Mkapa ya hapa Dodoma iwe na kliniki ya kulipia ya kazi hii. Na tukubaliane kwamba hiki si kipodozi. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango. TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, imebaki na dawa na vifaa tiba. Kitu kinachoingia chini ya ngozi kwa sindano kikaguliwe na TMDA.

Kama humu kuna anayechoma midomo hapa Dodoma, namuuliza kwa heshima: hailuronidesi unayo kwenye friji yako? Na chupa ya mteja wa mwisho unaweza kutuonyesha?