Naomba ushauri: kupelekea wagonjwa Komunyo nyumbani

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Niko Bukavu, upande wa Kadutu. Padri paroko alinipa kazi ya kugawa Komunyo, mimi mlei. Kanisani sina shida. Shida ni kwa wagonjwa, Jumapili baada ya misa.

Kuna mama mzee wa shirika letu, kumeza kunamsumbua sana. Juzi Hostia, ule mkate wa Komunyo, ilimbakia kwenye ulimi, akaanza kukohoa, binti yake akamkingia leso mdomoni. Afadhali ilishuka. Najua naweza kummegea kipande kidogo kabisa na kumpa maji kwa kijiko, na ile saa moja ya kufunga kula kabla ya Komunyo haimbani mgonjwa wala anayemuuguza. Lakini akitema je? Naambiwa niiyeyushe ndani ya maji, kisha niyamwage kwenye udongo safi. Kwa nyumba zetu zilivyobanana kwenye mteremko, huo udongo safi uko wapi? Ama nirudi nayo parokiani?

Halafu njiani. Napanda moto (pikipiki) na Yesu katika Hostia kifuani, dereva anapiga stori, na mama jirani anataka tusalimiane mpaka habari za shamba. Mnawajibu namna gani bila kuonekana mna maringo?

Wenye uzoefu, hasa mamasista wanaotembelea wagonjwa, mnisaidie.