Mgongo wa binti yangu umepinda nyuzi 54, daktari anasema ni vyuma. Mliopitia, naomba mniambie

mama_wa_watatu

Salaam kwenu nyote. Binti yangu ana miaka 14. Mwaka juzi dada yake alikuwa anampima gauni, akaniita: "Mama, mbona hili linaning'inia upande mmoja?" Nikamwambia mdogo asimame vizuri. Akajibu kwamba amesimama vizuri. Nilipomwinamisha, upande wa kulia wa mgongo ukainuka, wa kushoto ukabaki chini. Ndipo nilipolijua neno skoliosisi, yaani mgongo kupindia upande.

Eksirei ya kwanza ilisoma nyuzi 38. Akapewa ule mkanda mgumu wa plastiki, avae saa 18 kwa siku. Nitasema ukweli wangu hapa kwa kuwa hamnijui: hakuuvaa. Alikuwa anauvua akifika shule na kuurudisha mwilini kabla hajaingia nyumbani. Nilijua. Nikanyamaza kwa sababu nilimwonea huruma.

Wiki iliyopita imesoma 54. Daktari ameeleza upasuaji: fito mbili za chuma, skrubu, na pingili za mgongo kuunganishwa zishikane. Niliitikia tu kama mtu aliyeelewa. Naombeni: hatari ya kupooza ikoje? Siku za nyumbani baada ya hapo zikoje? Tukisubiri amalize shule, kuna ubaya? Na kama ningemlazimisha kuvaa ule mkanda, je, tungekuwa hapa?

chuma_mgongoni

Dada, pole. Nitaanza na swali lako la mwisho maana naona ndilo lililokufanya uandike.

Kuna utafiti mkubwa uliotoka 2013, wa Marekani na Kanada, juu ya mikanda hiyo. Waliopewa mkanda, 72 katika kila 100 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50. Walioangaliwa tu bila mkanda, 48. Geuza hesabu hiyo sasa: zaidi ya robo ya wenye mkanda walifika huko huko, na karibu nusu ya wasio nao hawakufika. Saa za kuvaa zina maana, sikudanganyi, aliyevaa zaidi alinufaika zaidi. Lakini hakuna mtu anayeweza kukuambia binti yako angeangukia fungu lipi. Mimi niliuvaa wangu kama askari, na bado nikafika 61.

Kuhusu kusubiri. Mgongo uliopita nyuzi 50 hauachi kupinda kwa sababu mtu ameacha kukua. Wengi huongezeka taratibu, kiasi cha uzi mmoja kwa mwaka, na mpindo mkubwa wa kifuani mwishowe hubana mapafu. Kwa hiyo si dharura ya kesho asubuhi. Mnaweza kuchagua likizo ndefu. Ila kuna tofauti kati ya kuchagua tarehe na kuikimbia.

Mimi nilipasuliwa nikiwa na miaka 16, sasa ni mwaka wa 11. Pingili 10, kuanzia ya nne ya kifua hadi ya kwanza ya kiuno, fito mbili, skrubu 17. Nilikaa mezani saa saba. Kitu cha kwanza nilichosikia ni mtu ananiambia nisogeze vidole vya miguu. Nikasogeza, nikalala tena. Siku ya pili walinikalisha kitandani, chumba kikazunguka, nikamtapikia mtu wa mazoezi. Siku ya tatu nilitembea hadi mlangoni na dripu yangu. Siku ya sita nikaruhusiwa.

Watu wote watakuuliza habari za siku ya upasuaji. Mimi nakuambia jiandae kwa wiki ya pili. Hospitali kuna dawa kali na wageni. Ukirudi nyumbani dozi zinapunguzwa, wageni wamekwisha, na unagundua huwezi kufunga kamba ya kiatu. Nililia kwa ajili ya soksi. Soksi! Mama alidhani mshono umefumuka.

Mambo ambayo hakuna aliyeniambia: zile dawa za maumivu hufunga choo, mimi siku tano, na siku ya tano nilisahau kabisa kama nina mgongo. Ombeni dawa ya kulainisha tangu mwanzo, msingoje. Kitanda kiwe cha urefu wa magoti yake, si godoro la chini. Ajifunze sasa, kabla ya kupasuliwa, kuinuka kwa kuviringika mabega na nyonga kwa pamoja kama gogo, kisha kujisukuma kwa mkono. Na samahani kwa hili, lakini ajizoeze pia kujisafisha chooni bila kujipinda. Hutaki alijifunze hilo siku ya nne, na kumwomba mama akiwa na miaka 14 ni fedheha kubwa kuliko kidonda.

Shule nilirudi wiki ya sita, nusu siku. Kuinama, kunyanyua vitu vizito na kujipinda vilikatazwa miezi kadhaa, michezo ya kugongana mwaka mzima, kwa sababu fito zinashikilia tu wakati mfupa unashikana wenyewe, na mfupa hauna haraka. Hadi leo kuna kipande cha ngozi pembeni mwa kovu ambacho nikikigusa ni kama namgusa mtu mwingine. Nilirefuka sentimita 4 kwa siku moja, suruali zote zikawa fupi.

Ukirudi kwa daktari muulize swali moja kwanza: muungano utaishia pingili ipi huku chini? Kuinama kwa mtu kunafanyika zaidi kiunoni na kwenye nyonga, hivyo kila pingili ya kiuno inayoachwa huru ni mali. Kama anashuka hadi ya nne, akueleze kwa nini haiwezi kuwa ya pili.

mkweli_daima

Mbona mnakimbilia kisu? Kuna mazoezi ya kuning'inia na kunyoosha mgongo kwa mikono. Jirani yangu alinyooka bila chuma hata kimoja.

zamu_ya_usiku

@mkweli_daima, jirani yako alipigwa eksirei kabla na baada? Mgongo unaweza kuonekana umenyooka kwa sababu mtu amejifunza kusimama. Mazoezi yana nafasi yake kwa mpindo mdogo, na hata kuimarisha misuli kabla ya upasuaji. Kurudisha 54 hayarudishi.

Mama wa watatu, mimi ni nesi, nimekaa chumba cha upasuaji miaka mingi. Kwa kijana mwenye mpindo wa aina hii asiye na ugonjwa mwingine, madhara ya kudumu kwenye mishipa ya fahamu ni chini ya mtu 1 katika 100. Si sifuri, na atakayekuambia ni sifuri mkimbie. Waulizeni kama wana kifaa cha kufuatilia mishipa wakati wa kazi. Nyaya zinawekwa kichwani na miguuni, umeme kidogo unapitishwa, na mtu amekaa pale kazi yake ni kutazama mawimbi tu. Yakishuka, kila kitu kinasimama: tunatazama presha ya damu, mpasuaji analegeza fito, skrubu inayotiliwa shaka inatolewa. Zamani, na bado hutumika, mgonjwa aliamshwa kidogo katikati ya kazi aambiwe asogeze miguu. Asubuhi yake hakumbuki.

Mkishafika nyumbani: mshono ukitoa majimaji au homa ikipanda, rudini siku hiyo hiyo. Mguu ukikosa nguvu au akishindwa kuzuia mkojo, msingoje kupambazuke. Akitapika mfululizo siku nyingi pia rudini. Mara chache mgongo ukishanyooshwa utumbo hubanwa. Na dawa za maumivu msijinunulie wenyewe. Nyingine wapasuaji huzikataa kwa kuhofia zitachelewesha mfupa kushikana.

fimbo_moja

Nyie watoto mna bahati. Mimi niliwekewa fimbo ya Harrington 1978. Huyo alikuwa mpasuaji wa Houston, alianza kuibuni kwa ajili ya watoto waliopindwa na polio. Fimbo moja yenye ndoano juu na chini, inavuta kama jeki. Kisha koti la plasta miezi minane. Nilikuwa nakuna mgongo kwa sindano ya kufumia.

Ilinisaidia, sikatai. Nimefanya kazi na kulea. Lakini fimbo ile ilininyoosha hata pale mgongo unapotakiwa kujipinda, pale kiunoni ukitazamwa kwa ubavu, na yangu ilishuka hadi pingili ya nne ya kiuno. Sasa kusimama foleni ni shida, mwili unakwenda mbele na magoti yanakunja. Kwa hiyo swali la @chuma_mgongoni liulizeni kwa sauti. Ongezeni na hili: atautunza vipi mpindo wa kiuno kwa ubavu? Fito za sasa hukunjwa kufuata umbo, skrubu zinashika kila pingili, na koti la plasta limebaki kwa wazee kama mimi kusimulia.

mama_wa_watatu

Nimesoma mara tatu. Ile ya mkanda nilisoma nikiwa bafuni nimefunga mlango.

Jana tumerudi kwa daktari na maswali yameandikwa kwenye daftari. Anasema ataishia pingili ya kwanza ya kiuno, na akatuonyesha kwenye picha kwa kalamu kwa nini pale ndipo mgongo unaporudi katikati. Kifaa cha mawimbi kipo. Tarehe ni mwanzo wa likizo. Binti ameanza mazoezi ya gogo, anamwamrisha mdogo wake ashike saa. Yale mengine anafanya akiwa peke yake, nami sikuuliza.

Ana maswali yake mawili, amekataa kuandika mwenyewe. Atalala kifudifudi tena? Na je, mtu akimgonga mgongoni, chuma kinalia?

chuma_mgongoni

Mimi nilianza kulala kifudifudi mwezi wa tatu hivi, ila amwulize daktari wake. La pili mwambie hakilii, kimefunikwa na misuli. Mdogo wangu alijaribu na kijiko.