Nimepata bastola ya jeshi ya mtumba (M1911A1) kule Ohio, niichezee au niiache ilivyo?

mtoto_wa_majengo
Asalaam aleikum wandugu. Mimi ni wa Majengo lakini huu mwaka wa 11 niko Ohio, uraia nimeshachukua, sai niko nyumbani likizo wiki tatu nala mahamri na mbaazi tu basi. Hobi yangu kule ni kupiga shabaha, Jumamosi asubuhi naenda renji vile watu huku wanavoenda kutizama mpira.

Sasa kule kuna hawa CMP, shirika la mambo ya shabaha kwa raia, ndio waliopewa bastola kuukuu za jeshi la Marekani wawauzie raia tangu 2018. Huingii dukani ukachagua, wewe unajaza fomu, uwe mwanachama wa klabu ya shabaha, wanakupa namba ya bahati nasibu, halafu unakaa unangoja namba yako ifikiwe. Raundi ya kwanza greidi ya Service ilikuwa dola 1,050, Field 950, Rack 850, siku hizi zimepanda. Yangu ni Rack yani ile ya mwisho, ina kutu imekula kula ubavuni lakini inapiga. Fremu ni Remington Rand, slaidi ni Colt, yani mwili wa huyu kichwa cha yule.

Shida zangu ni hizi, ukiitikisa inalia kama kopo la misumari, halafu kila magazini moja (kile kikasha cha risasi) lazima ganda moja libanwe wima pale juu slaidi ikirudi, na ile nyundo inaning'ata hapa kati ya kidole gumba mpaka damu. Jamaa mmoja wa renji ananiambia nitie saiti mpya za kulengea, mkia mrefu wa nyuma, triga nyepesi, halafu niichovye kromu ing'are. Mnaonaje? Nikirudi nataka nianze.

Kobe_wa_Nyali
Kopo la misumari 😂 mamako anajua lakini?

mtoto_wa_majengo
Mama anajua nafanya kazi ya ghala bwana, tuwachie hapo hapo.

mstaafu_likoni
Waaleikum salaam mwanangu. Nimekaa stoo ya silaha miaka 19 kabla sijastaafu, hizo 1911 sikuzishika sana, zetu zilikuwa Browning Hi-Power, lakini ukoo ni mmoja, kichwa kilichozibuni ni cha mtu mmoja John Browning, ile ya pili alikufa 1926 hajaimaliza wengine wakaimalizia. Kwa hivo ntakwambia ninachokijua.

Kwanza kulia si ugonjwa. Ile kitu imetengenezwa ikae huru makusudi, ianguke topeni, iingie mchanga, na bado ifanye kazi. Jeshi lao limeibeba kutoka 1911 mpaka 1985 Beretta ilipoingia, sasa wewe unataka ukae na kitu kilichopita vita viwili vikuu halafu kisilie? Ukiibana sana ndio utaanza kupata jam za kweli, yani kukwama.

Ganda kubanwa wima, hapo ndipo pa kushughulika, na mara nyingi si pesa nyingi. Anza na springi kubwa ya chini ya mtutu. Hiyo yako inawezekana imo humo tangu sijui lini. Nunua mpya ya paundi 16, hiyo ndiyo ya kawaida kwa bastola ya risasi za .45 kama yako, kisha zilaze mezani ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu, ukiona ya zamani imekuwa fupi jua imechoka. Wala usinunue ngumu zaidi ukidhani ndio bora, ngumu sana nayo inaleta jam zake. Pili, ile ndoano inayovuta ganda kutoka chemba. Toa slaidi, chukua ganda tupu, narudia TUPU, chomeka kitako chake chini ya ndoano utikise kidogo, likidondoka basi ndoano imelegea haishiki, mpe fundi wa bunduki aikunje sawa, ni kazi ndogo kwake. Tatu, magazini. Zitie namba kwa rangi chini ya kitako, 1, 2, 3, halafu uandike ipi imejam. Nimeona watu wamebadilisha bunduki nzima kumbe mkosa ni magazini moja mdomo umepanuka. Na risasi tumia zile za kichwa cha mviringo za uzito wa greni 230, ndizo ilizozaliwa nazo.

Triga ndio sitaki kusikia. Pale ndani kuna kidude kinachoshika nyundo, ukikipiga tupa kidogo tu kupita kiasi, bastola inapiga mbili kwa mvuto mmoja au inajipiga ukifunga slaidi. Nilimuona kijana wa miaka 24, mikono yake mizuri kabisa, alijifunza hilo ndani ya karakana, bahati mdomo ulikuwa umeelekea kwenye gunia la mchanga. Tangu siku ile hajashika tupa. Kung'atwa na nyundo shika chini kidogo, au vaa glavu.

fundi_wa_kibokoni
Mimi bunduki sizijui ila nimesoma neno Remington hapo nikashtuka, si ndio wale wa taipureta? Kwa marehemu babu ofisi ya forodha kulikuwa na Remington moja nzito kama jiwe la kusagia.

mstaafu_likoni
Ndio hao hao fundi. Wakati wa vita kila kiwanda chenye mashine nzuri kiliingizwa, Remington Rand walitoa karibu laki tisa za hizi bastola. Kampuni ya taa na swichi za reli nayo ilitengeneza, Union Switch & Signal. Na hii utaipenda, hata Singer. Hawa hawa wa cherehani yako. Walitoa 500 tu, ndio wanaozikusanya wanazitafuta kama almasi.

fundi_wa_kibokoni
Wallahi?? Singer?? Basi nimeelewa mbona yangu ya miguu ina miaka sitini na haijawahi kuniangusha. Kijana sikia mimi nimeona kitu hiki hiki kwenye cherehani. Mtu analeta Singer ya bibi yake, maua ya dhahabu bado yako ubavuni, anataka niipige rangi ya spreyi ing'are. Ile ikishapigwa spreyi haina bei tena, na inashona vile vile ilivokuwa inashona. Yangu ni hayo.

karani_makupa
Kijana ya huko ni ya huko lakini uko Mombasa sasa hivi kwa hivo soma hapa vizuri. Usije ukasema "wacha nibebe ile springi na magazini moja nimuoneshe mzee wa Likoni". Sheria ya silaha ya Kenya, sura ya 114, ikisema silaha inahesabu pia kipande cha silaha, na cheti kinatoka kwa bodi ya leseni. Mzigo wako ukikaguliwa pale bandarini ukakutwa na slaidi hutamwambia mtu ni hobi. Na wanaosoma humu mkaanza kutamani, huku hakuna mtumba wa jeshi wa kuuziwa raia, atakayekuambia anao ni jambazi au anakutega. Ukitaka kutazama silaha kuukuu nenda Fort Jesus kauone ule mzinga wa Königsberg, meli ya Wajerumani iliyozama Rufiji 1915, unaupapasa bure na hakuna anayekushika.

Kobe_wa_Nyali
Bure wapi, Fort Jesus kuna tiketi

karani_makupa
Haya, kwa tiketi.

mtoto_wa_majengo
Nimeelewa karani, hakuna kitu nimebeba wala sitabeba, hata ganda tupu sina, bastola imefungiwa kwenye kasha kule Ohio.

Mzee wa Likoni shukran sana. Sasa nimeangalia picha kwenye simu, nina magazini tatu, moja ni ile iliyokuja nayo na kwa kweli jam nyingi nazikumbuka ni za hiyo, sikuwahi kuzitia namba. Nitaanza na springi na rangi. Kromu nimeghairi, ile rangi ya kijivu ya jeshi naona ibaki na kutu yake, ila kuhusu saiti mzee bado natamani, hizi za asili ni ndogo sana macho yangu hayazioni.

mstaafu_likoni
Saiti za kweli lazima slaidi ikatwe, na ikishakatwa hairudi. Paka nukta ya rangi nyeupe saiti ya mbele, ukichoka unaifuta. Ukitaka ya kukata kata nunua mpya ya dukani uikate hiyo.

mtoto_wa_majengo
Nukta nyeupe. Hiyo hata sikuiwaza.

fundi_wa_kibokoni
Kijana ukija tena, na hii karani hana neno nayo, niletee kesi ya bobini ya Singer 15, ya asili si ya Kichina. Mbili ukiweza. Ntakushonea kanzu.